Udalali wa Nestory

Mimi na madalali tulikuwa hatuivi chungu kimoja. Wiki nzima walinizungusha mitaa ya Malimbe na Nyamalango hapa Mwanza, kila mmoja akitaka hela ya kuonyesha chumba kabla sijakanyaga mlangoni. Na vyumba vyenyewe, kimoja kinavuja, kingine kimepakana na baa.

Hosteli za chuo zilikuwa zimejaa. Nilikuwa nalala sakafuni kwa rafiki yangu Winnie, na mwenye nyumba wake alinipa mpaka Jumapili. Mama, aliyelazwa Magu na mguu uliovunjika, alisema waziwazi: bila chumba salama nirudi nyumbani, chuo nitaanza mwakani. Huko kuanza mwakani nakujua. Dada yangu alikuwa aanze mwakani. Sasa ana watoto watatu.

Ijumaa, dalali mmoja aitwaye Nestory akanipeleka kwa Mama Faisal. Mwenyewe hakuwepo, tukachungulia dirishani. Chumba kisafi, umeme wa mita yake, bei naimudu. Nilikipenda mpaka nikaogopa. Tatizo, Mama Faisal hapangishi mwanafunzi asiyeletwa na mzazi. Mambo ya simu hataki. Anataka mtu mzima aje, waonane uso kwa uso.

"Baba yupo?" Nestory akaniuliza.

"Alishafariki."

Akakuna kichwa. "Basi kesho mimi ni baba yako mdogo. Wewe nyamaza tu, niachie mimi."

Nami, niliyelelewa kanisani, nikanyamaza.

Jumamosi asubuhi Mama Faisal alitukaribisha sebuleni, akatumiminia chai. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akamgeukia Nestory, aliyekuwa ameshamweleza kwamba mama amelazwa.

"Mama wa mtoto anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri, ila mguu ndio unasumbua."

"Pole yake. Mguu upi?"

"Wa kushoto," akasema Nestory.

"Wa kulia," nikasema mimi, papo hapo.

Mama Faisal akatazama kiuno cha Nestory. Funguo za vyumba vya watu zilikuwa zinaning'inia pale, kama kumi hivi, kila ufunguo na kijikaratasi chake. Mjinga yule alisahau kuzivua! Nikajiona nimesharudi Magu.

"Mwaka juzi mpangaji wangu aliugua malaria, ikampanda kichwani," Mama Faisal akasema, bila hasira. "Namba aliyoniandikia kuwa ya mjomba wake ilikuwa ya dalali. Nilipiga mpaka simu ikazima, hakupokea. Siku mbili nimekaa hospitali na mtoto wa watu, sijui nimwambie nani. Alipona, Alhamdulillahi. Lakini sitaki tena." Akanigeukia. "Kwangu udalali unalipwa mbele yangu. Weka mezani."

Nikaweka hela ya udalali, sawa na kodi ya mwezi mmoja.

"Haya, baba, chagua. Kama ni dalali, chukua chako, mtoto akatafute kwingine. Kama ni mzazi, mzazi hachukui udalali kwa mwanawe. Andika namba yako hapa, na ikilia usiku wa manane uje."

Nestory akazitazama zile hela. Njiani alikuwa ameniambia kwamba mkewe amejifungua Jumanne, na wiki ile hajapata mteja hata mmoja. Nilimkasirikia kwa kutazama kule, kisha nikaona aibu. Nani asingetazama?

Akazisukuma kwangu kwa kidole kimoja. Akachukua kalamu, akaandika namba, halafu chini yake akaandika nyingine.

"Hii ya mke wangu," akasema. "Mimi nikilala, mama, nimekufa. Yeye ataniamsha."

Mama Faisal akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Akaingia ndani, akarudi na ufunguo, akauweka mkononi mwangu. Nililia pale pale, mbele ya chai. Sina ndugu Mwanza, na mmoja wa madalali niliowasema vibaya wiki nzima alikuwa amekubali kuamshwa kwa ajili yangu. Nilimshukuru, nikashindwa kumaliza sentensi. Namshukuru mpaka leo.

Tulipotoka nikataka kumpa zile hela. Akakataa, akatoa simu yake mfukoni.

"Nani vile jina lako kamili?" akauliza. "Nikipigiwa nijue ni mwanangu yupi."

"Sabina Mashimba."

Akaliandika polepole, akakosea, akafuta, akaandika tena.