Sakafu ya Placide

Sista wa kliniki alimshika Placide kwapani, akamsimamisha juu ya meza, kisha akalegeza mikono. Magoti ya mwanangu yakakunjika. Akamsimamisha tena, yakakunjika tena. Placide mwenyewe alikuwa anacheka, akidhani ni mchezo.

"Ana miezi mingapi?"

"Kumi na sita na nusu."

Sista aliandika kitu kwenye kijitabu cha mtoto, halafu akaniuliza, macho yakiwa bado kwenye kalamu, nyumbani anacheza wapi.

"Kitandani," nikasema.

"Namaanisha chini. Sakafuni."

Nikamchukua Placide mezani. Akaniambia nimrudishe baada ya Pasaka, akitimiza miezi kumi na minane, kwa sindano. Kama siku hiyo atakuwa hajapiga hatua, ataniandikia barua ya hospitali kubwa wakamwangalie miguu. Alisema kwa upole. Lakini nilipomfunga Placide mgongoni na kutoka, nilisikia miguu yake miwili ikining'inia kiunoni kwangu na nikaishika, mmoja kila mkono, mpaka mtaani kwetu Berea.

Swali lile lilinifuata nyumbani. Nilisimama mlangoni nikakitazama chumba chetu kama mgeni. Kitanda, kabati, jiko la gesi, masanduku mawili, meza yangu ya kusomea ambayo ni ubao juu ya ndoo. Sakafu iliyobaki ilitosha miguu yangu miwili nikiamka. Kutwa niko saluni nasuka, na saluni mtoto huwezi kumweka chini, kuna nywele, kuna maji ya moto. Kwa hiyo anakaa mgongoni. Jioni anakaa kitandani. Mwanangu alikuwa amefikisha miezi kumi na sita bila kuishi chini hata siku moja.

Jumapili nilimweleza Marcellin kwa simu. Marcellin ndiye baba yake, anapakia makontena bandarini Durban na kurudi kwetu mwisho wa mwezi.

"Mimi nilitembea na miezi tisa," akasema.

"Mama yako ndiye anasema hivyo."

"Mama yangu hasemi uongo."

"Mama yako anasema pia ulizaliwa na meno."

Akacheka, lakini si sana. Kisha akaniuliza kama miguu inamuuma mtoto, nikasema hapana, akasema basi Mungu yupo, na salio likaisha.

Fleti yetu iko ghorofa ya nne na tunakaa kaya nne. Sisi tuna chumba cha nyuma. Chumba cha mbele ni cha Mwatumu, Mtanzania wa Tanga, anauza mitumba. Sebuleni, nyuma ya pazia, yuko Brigitte wa Lubumbashi na cherehani yake; tunamwita Yaya, yaani dada mkubwa. Ndiye anakaa na Placide jioni nikienda shule ya watu wazima. Na kile kibaraza kilichozibwa kwa mbao ni cha Ezéchiel, kijana wa Bukavu, mlinzi wa zamu ya usiku. Katikati ya vyumba vyote inapita korido ndefu ya saruji, na korido hiyo ilikuwa imejaa marobota ya Mwatumu kutoka chini hadi juu, mpaka tukipita tunapita ubavu.

Nilingoja wote wawe jikoni, nikawaambia maneno ya sista.

"Kwetu mtoto mzito wa miguu anafukiwa kwenye mchanga wa moto, hadi kiunoni," Mwatumu akasema. "Siku saba tu, anatoka mbio."

"Na mchanga utautoa wapi hapa?" akauliza Yaya Brigitte.

"Si pale wanapojenga, karibu na taa za robot."

"Pale ndipo ninapolinda mimi," Ezéchiel akasema. "Nitawakamata nyote watatu, na mtoto."

Walicheka, nami nikacheka, halafu nikasema nilichokuja kusema. Nilimwomba Mwatumu korido. Si yote, upande mmoja tu, hadi Pasaka.

Kicheko kikaisha. Mwatumu akaweka kikombe chini.

"Shoga, mimi ninalipia ile korido. Mizigo yangu nikaiweke wapi, kichwani?"

"Najua unalipia."

"Mvua ikininyeshea robota moja, mwezi mzima umekwenda."

"Najua, Mwatumu. Ndiyo maana naomba."

Placide alikuwa mapajani mwa Yaya Brigitte, anagonga meza na kijiko. Ezéchiel ndiye aliyesema mwishowe, kama mtu anayezungumzia jambo dogo.

"Wekeni kwangu."

"Kwako wapi? Kwako hata paka hawezi kugeuka," Mwatumu akamwambia.

"Nitalala juu yake. Eish, mitumba ni laini kuliko godoro langu."

Mwatumu alimtazama, akatutazama sisi, akasonya. "Likitoboka hata moja, utanilipa wewe na buti zako."

Tulihamisha marobota siku hiyo hiyo, kumi na moja. Kibaraza cha Ezéchiel kikawa mlima, na yeye akawa anapanda kulala na kushuka kwenda kazini. Na Mwatumu, yule yule aliyesonya, alipoiona korido tupu aliona aibu ya uchafu uliokuwa chini ya mizigo yake. Akapiga magoti, akasugua, kesho yake akanunua kopo la rangi ya kung'arishia sakafu, ile nyekundu, akapaka toka mlangoni hadi chooni. "Kwa mama yangu sakafu ilikuwa hivi," alisema tu. Siku ya tatu alifungua robota la watoto akaniletea viatu, vya ngozi ya kahawia, vya kufunga pembeni. Soli zake zilikuwa safi kabisa.

Basi Placide akapata sakafu. Alitambaa. Alitambaa asubuhi kabla ya saluni na jioni baada ya saluni, mbio kama mjusi, akifuata kibobini cha uzi kilichodondoka kwenye cherehani. Alishika ukuta akasimama kwa ncha za vidole, akatutazama, akakaa. Kila usiku nilipomvua viatu nilivigeuza. Ncha za mbele zilikuwa nyekundu kwa kutambaa. Soli zilikuwa safi.

Wiki zikapita hivyo. Asubuhi zikawa za baridi, maji ya bomba yakaanza kuuma vidole, na kwenye robot wauzaji wakaacha miwani ya jua wakaleta blanketi. Mambo mengine yalikuwa mazuri. Mteja mmoja, mwalimu kutoka Soweto, alifika saluni akamwambia bosi hataki mwingine, anamtaka yule dada mwenye mtoto mgongoni. Marcellin alituma picha amevaa koti jipya la kazi. Na shuleni nilijibu swali la mwalimu bila kulitafsiri kwanza kichwani. Nilikuwa nimeshakaa chini ndipo nikagundua. Nilifurahi kwa haya yote. Kisha narudi nyumbani, navua viatu vya mtoto, nageuza, safi.

Jumanne ya mwisho ya mwezi wa tatu tulikuwa na mtihani wa kuongea. Kila mtu asimame mbele ya darasa aongee Kiingereza dakika tano juu ya kitu anachokijua. Jioni ile Placide alikuwa amesimama ukutani muda mrefu kuliko siku zote, hata ameachia mkono mmoja. Nikavua koti.

"Siendi," nikamwambia Yaya Brigitte. "Leo naona kama atakwenda."

"Hata jana uliona kama atakwenda."

"Yaya, nitafanya mtihani muhula ujao."

Alisimamisha cherehani. Yaya Brigitte akisimamisha cherehani ujue hataniwi.

"Mama Placide, ulisoma mwezi muzima juu ya ile ndoo yako. Vaa koti. Miguu ya mutoto itakukuta hapa hapa."

Nikavaa. Nilisimama mbele ya watu ishirini na mbili nikaeleza namna ya kumsuka mtoto mdogo bila kumliza: unaanzia kisogoni, unalowesha, unamwimbia, hukazi karibu na masikio. Dakika tano zikapita bado nina maneno. Mwalimu alinipa thelathini na moja kwa arobaini, na mama mmoja wa Zimbabwe akaniuliza saluni yetu iko wapi.

Nilirudi saa mbili kasoro. Kwenye ngazi nikakutana na Ezéchiel anateremka mbio na sare yake, amechelewa, uso wote unacheka.

"Mtihani?"

"Nimepita."

"Sharp, dada. Hongera." Alishuka ngazi mbili, akageuka. "Hongera kwa yote."

Ndani palikuwa kimya. Mwatumu alikuwa anapika na hakugeuka. Yaya Brigitte alinikabidhi Placide amelala, mzito, viatu miguuni.

"Mbona amelala na viatu?"

"Baridi," akasema, akarudi nyuma ya pazia.

Nilimlaza. Nikafungua kifungo cha kiatu cha kulia, nikakivua, nikakigeuza kama kila siku.

Kilikuwa chekundu. Soli yote, kisigino hadi mbele. Nikavua cha kushoto. Nacho vilevile, na katikati rangi ilikuwa imesuguliwa, kama mtu aliyekwenda na kurudi na kwenda tena.

Nilikaa pembeni ya kitanda nimevishika. Ng'ambo ya ukuta nilimsikia Mwatumu anauliza kitu kwa sauti ya chini na Yaya Brigitte akimwambia shh. Nikaelewa. Walikuwa wananiwekea hatua ya kwanza.

Nilitaka kulia kidogo, na nililia kidogo. Sijui kusema ilikuwa ya aina gani. Halafu nikachukua kitambaa chenye maji nikazifuta zile soli mpaka zikawa safi tena.

Asubuhi sikumweka chini. Nilimfunga mgongoni moja kwa moja, nikasema nimechelewa, nikaenda. Kutwa nzima saluni Placide alinipiga mateke ya mbavu akitaka kushuka. "Ngoja, papa," nilimwambia. "Ngoja jioni. Wanatungoja."

Jioni wote watatu walikuwa koridoni, na kila mmoja alikuwa na sababu yake. Ezéchiel alikuwa anafunga kamba za buti zilizokwisha kufungwa. Mwatumu alikuwa anafagia mahali palipofagiliwa. Yaya Brigitte akasema, "Hebu muweke pale kwa ukuta, tuone," kwa sauti ya mtu asiyejua kitu, na sauti hiyo hana kipaji nayo hata kidogo.

Nikamweka. Nikarudi nyuma hatua sita, nikachuchumaa, nikafungua mikono. Placide aliachia ukuta. Alisimama akiyumba, akanyanyua mguu juu mno kana kwamba kuna ngazi, akaushusha. Kisha mwingine. Hatua moja, mbili, tatu, nne, uso umekaza, anakuja, anakuja kwangu. Akanipita. Alikuwa anaifuata ndoo ya maji mlangoni mwa choo.

Kicheko na machozi vikanitoka pamoja, wala sikuvizuia, maana vilikuwa vya kweli. Kwa macho yangu ilikuwa mara ya kwanza. Mwatumu akapiga kigelegele cha Tanga hadi jirani wa juu akagonga bomba. Ezéchiel akanishika bega. Yaya Brigitte alikuwa ananitazama mimi, si mtoto.

"Umeona?" akaniuliza.

"Nimeona, Yaya."

Jumatano baada ya Pasaka tulikwenda kliniki pamoja. Yaya Brigitte alikuwa na vidonge vyake vya presha vya kuchukua, akaingia nami kwa sista. Yule yule. Placide alitembea kutoka mlangoni hadi kwenye mzani, akauvuta. Sista akatabasamu, akafungua kijitabu.

"Barua haihitajiki," akasema. "Alianza lini?"

Tarehe ile ingeandikwa kwa wino, ikae mle miaka.

"Jumanne," nikasema. "Tarehe ishirini na nane mwezi wa tatu."

Sista akaandika. Yaya Brigitte alimshika Placide wakati wa sindano, akambembeleza alipolia, akachukua vidonge vyake. Tulipotoka alinunua machenza kwa mama wa kando ya njia, ya kwanza ya msimu, yangali na kijani ubavuni. Akamenya moja.

"Jumanne ulikuwa shule," akasema.

"Ndiyo."

"Ni Ezéchiel. Mudomo wake ule."

"Si Ezéchiel. Ni soli za viatu."

Alisimama. Alifikiria, nikaona anarudi nyuma siku kwa siku mpaka akafika. "Na zile soli asubuhi zilikuwa safi. Niliziangalia mimi mwenyewe, nikasema, Mungu ametusaidia."

"Nilizifuta."

"We." Alicheka mpaka akashika kiuno. Kisha akaacha. "Ni mimi njo nilikusukuma uende kwenye ule mtihani. Ningekuambiaje kama yeye alikwenda bila wewe?"

Alinipa nusu ya chenza. Nilimshusha Placide njiani, chini, juu ya majani makavu. Akaanza kwenda mbele yetu, mikono juu, anakanyaga kila jani.

"Sasa nieleze," nikamwambia. "Ilikuwaje? Usiruke kitu."

"Bon," akasema Yaya Brigitte, akatema mbegu. "Wewe ulikuwa umetoka, haifiki hata nusu saa. Mimi niko napindisha upindo wa suruali ya mutu. Nasikia kimya. Unajua mutoto akinyamaza..."