Kuku wa Televisheni ya Barutwanayo

Siku kijana yule alipofika Gungu, Kigoma, na kusema yeye ndiye Ciza, Capitoline alikuwa uani anachambua chikichi. Hakuinuka. Alimtazama kuanzia kandambili mpaka nywele, kisha akarudisha macho kwenye karai lake na kuendelea na kazi.

"Shikamoo, mama," kijana akasema. "Niko Ciza. Mwana wa Barutwanayo."

"Marahaba. Kaa hapo juu ya ndoo."

Kijana akaigeuza ndoo, akakaa, mfuko wake wa nailoni katikati ya magoti. Mwanvua, mwenye nyumba, akatoka jikoni na mwiko wake mkononi.

"Ciza wa ngapi tena huyu?" akauliza. Hakumuuliza kijana, alimuuliza Capitoline.

"Wa pili," Capitoline akajibu.

Maana wa kwanza alishakuja. Ngoja tuanzie mbali kidogo. Mwaka wa tisini na sita, watu walipokuwa wanaikimbia Burundi kwa njia ya ziwa, Capitoline alisukumwa na msongamano hadi ndani ya boti. Mumewe Barutwanayo na mtoto wao Ciza, aliyekuwa na miaka minane, wakabaki ufukoni. Boti ikaondoka. Alipofika Kigoma alikaa akiwangoja, na kilichokuja ni habari kwamba Barutwanayo amekufa. Habari za mtoto hazikuja. Mwanvua akampa chumba cha uani, wakawa wanakamua mawese pamoja, na mtaa mzima ukamwita Mama Ciza.

Miaka ikapita, akaja kijana mmoja akasema ndiye Ciza. Alikijua kilima walikoishi, alijua jina la ubatizo la baba, hata kovu la gotini alikuwa nalo. Capitoline alipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Alimpikia, akamwonyesha kanisani. Asubuhi moja kijana akatoweka na blanketi, redio na sufuria mbili. Baadaye wakasikia kwenye kambi ya wakimbizi nako kuna mama mwingine alimlilia hivyohivyo, na huko alikuwa na jina jingine.

Blanketi si kitu. Ila tangu siku hiyo kuna mahali ndani ya Capitoline palipokufa ganzi. Akila hajui chumvi. Akisikia msiba anakwenda, anakaa mkekani na wenzake, anarudi. Na sasa huyu wa pili ameketi juu ya ndoo, na yeye moyo wake haumdundi hata kidogo.

"Muulize kilima chenu," Mwanvua akasema.

"Kilima kinajulikana."

"Muulize majina ya wajomba."

"Wajomba wanajulikana."

"Basi mwambie aende! Kijana, huyu mama hana redio tena. Umechelewa."

Kijana akainamisha kichwa. Akasema kwa Kiswahili chake cha Kongo kwamba alivushwa ziwa hadi Baraka, upande wa Kongo, wavuvi wakamlea, na hakutaka kitu. Alitaka tu kumwona.

Capitoline akatafuta kichwani. Alitafuta kitu ambacho hakikupata kutoka nje ya nyumba yao; kitu ambacho hata mtu aliyeishi nao kilima kimoja asingekijua. Akakumbuka televisheni.

Barutwanayo aliinunua kwa mtu aliyekuwa anahama, ndogo, isiyo na rangi, ikitumia betri ya gari. Picha zilikuwa nzuri. Sauti ilikuwa imekufa, na fundi wa kuifufua hakupatikana. Wengine wangeitupa. Barutwanayo akakaa pembeni yake kwenye kigoda, akawa yeye ndiye sauti. Padri akionekana, anakohoa kipadri. Askari akionekana, anafoka.

Basi mwaka ule vita ilipokaribia kuanza, kukawa na mchezo mmoja wa kuigiza, kila Jumamosi jioni. Haukumaliza hata miezi miwili ukakatwa. Jina lake hawakulijua vizuri, wao waliuita Kwa Kuku. Mwanamume wa koti refu anabeba kuku kwapani, anafika kwenye lango la mwanamke mnene, wanasemezana, anafukuzwa. Jumamosi ijayo anarudi na kuku wake. Ndivyo ulivyokuwa, wala haukuwa na mengi. Lakini nyumba ile ilikuwa inaungoja kama mgeni. Mtoto alikuwa anaoga bila kuambiwa. Capitoline mwenyewe alikuwa anaivisha maharage mapema ili asiwe jikoni wakati koti refu linatokea.

"Kijana," akasema, "nyumbani kwetu tulikuwa na televisheni. Kulikuwa na mchezo wa mtu na kuku. Nieleze ulikuwaje."

Hapo mzee Leonardi, jirani aliyekuwa amekuja kuchukua dumu lake la mawese, akachangamka. "Ee! Ule mchezo naujua mimi! Nilikuwa nafanya biashara ya samaki, migebuka, kule Rumonge, Burundi, tulikuwa tunautazama kwenye baa. Muulize, muulize, mimi nitasahihisha."

Kijana akafikiri. Akajifuta mdomo.

"Kuku alikuwa ndiye mkubwa," akasema.

"Mkubwa wa nini?" Leonardi akadakia.

"Mkubwa wa yule mtu. Yule mtu alikuwa mtumishi wake. Kuku anaumwa mbavu, wanatafuta dawa kwa yule mama mnene, na mama hataki kutoa kwa sababu kuku alimtukana zamani. Kuku alikuwa na sauti nene." Kijana akaishusha sauti mpaka tumboni. "'Wewe mtumishi! Nibebe taratibu, mbavu zangu!'"

Leonardi akapiga paja. "Mwongo! Mwongo mchana kweupe! Kuku hakusema hata neno moja! Yule bwana alikuwa anamposa binti wa yule mama, kuku ni zawadi ya mkwe! Mama Ciza, mfukuze huyu, hata kuutazama hakuutazama!"

"Nilishasema mimi," Mwanvua akasema, na mwiko ukaelekezwa njiani. "Haya, baba, simama."

Kijana akasimama. Akawa anatafuta mfuko wake, na huku anaendelea kusema kwa haraka, kama mtu anayeokota vitu vilivyomwagika. "Na alikuwa anatega vitendawili. Akifika langoni anafungua kitendawili kwa Kirundi, 'Sokwe!' Mimi natakiwa kuitikia, 'Niruze!' Nisipoitikia hasogei. Anasema, 'Nyumba yangu haina mlango.' Nasema, yai. Anakasirika! 'Nani amekwambia mambo ya nyumbani kwangu?' Nakumbuka, mama. Alikuwa anakasirika kila wiki."

"Kaa," Capitoline akasema.

"Mwenzangu, umesikia alivyosema mzee?"

"Nimesikia. Televisheni yetu haikuwa na sauti, Mwanvua. Aliyekuwa anasema ni Barutwanayo. Huyo kuku wa mbavu alikuwa nyumbani kwetu tu, hakuwa kwa mtu mwingine yeyote."

Mwiko ukashuka. Mwanvua akafunika mdomo kwa kanga, mabega yakaanza kutikisika. Kijana akakaa tena juu ya ndoo, akalia bila kujificha.

Capitoline naye akayangoja machozi yake. Alijua kwamba huyu ni mwanawe, alilijua hilo kama mtu anavyojua leo ni siku gani. Akajikagua kifuani, hapakusogea kitu. Hata vigelegele alivikumbuka, lakini alishavitoa kwa yule mwingine. Akafuta mafuta mikononi kwa kitambaa, akamshika mtoto kichwa, akakaa hivyo kwa muda. Nywele zilikuwa na vumbi la safari.

"Umekula?"

"Tangu jana, hapana."

"Mwanvua, ongeza unga."

Leonardi alikuwa bado amesimama na dumu lake, hajui aende au abaki. "Kwa hiyo ninyi," akasema polepole, "wiki zote zile hamkujua kwamba bwana yule ni mchumba?"

"Tulijua anatafuta dawa," Capitoline akasema. Ikamjia kwamba mwanamume wa koti refu alikuwa anaomba mke wakati wote ule, na ingekuwa zamani angecheka. "Walimpa huyo binti?"

"Nani ajuaye? Walikata."

Ciza akainua uso. Alikuwa mkubwa sasa, na ndevu chache kidevuni. "Mama, kuku alipona?"

"Baba yako hakufika huko."

"Kule Baraka nilikuwa najiuliza sana. Wavuvi nikiwasimulia wanasema hakuna mchezo wa namna hiyo."

"Na hawakukosea!" Leonardi akapaza sauti. "Kuku hakuwa mgonjwa! Kuku alikuwa mzima kabisa, mnono, nilimwona kwa macho yangu!"

"Mzee Leonardi, punguza kelele," Mwanvua akaita kutoka jikoni, pua imejaa kilio. "Tuna mgonjwa hapa, anaumwa mbavu."

Wakacheka, Leonardi naye akacheka, Ciza akacheka na machozi bado mashavuni. Capitoline aliwasikia. Akasogeza karai ili kijana apate pa kunyoosha miguu.