Kitovu cha Kifuniko

Kaka yangu alikikata kifupi mno kichwa cha bonge la chuma, nami nikamwambia hivyo mbele ya wafanyakazi wake wote, kwa sauti ya kushindana na mitambo.

"Shusha sauti, mdogo wangu. Hapa kazini, si kwa mama."

"Kwa mama ningekupiga mwiko!"

Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka. Yeye ni msimamizi wa ufuaji wa chuma, mimi napima ubora wake, na mbele yetu kililala kifuniko cha kinu cha nyuklia, kipana kuliko sebule yangu, kikisubiri kupakiwa kwenye malori.

Chuma kilichoyeyushwa kikimiminwa kuwa bonge, huanza kuganda pembeni. Kaboni na uchafu husukumwa juu, kwenye kichwa cha bonge, na kaboni ikizidi, chuma huvunjika kama sahani. Ndiyo maana kabla ya kufua tunakata kichwa na kukitupa. Safari hii chuma cha kumimina kilipungua, wakaogopa bonge halitatosha, wakapunja mkato. Uozo wote ukafuliwa humo humo na kutandazwa katikati ya kifuniko, pale pale ambapo presha itasukuma miaka na miaka.

"Vipimo vimepita," alisema meneja, ambaye hujitokeza karakanani siku za malori tu.

"Vipande vya kupima mmenikatia wapi?"

"Ukingoni, kama siku zote."

"Nani anaonja mchuzi kwa kulamba ukingo wa chungu?"

Akanitazama kama anayesubiri mtoto amalize kulia. "Ukitaka kipande cha katikati itabidi kifuniko kitobolewe, kiwe chuma chakavu. Malori yamefika, dada. Funika kombe mwanaharamu apite."

Watu wanaolala jirani na kinu kile wana watoto, wana wazee. Mwanaharamu ni nani hapo?

"Kimeshatobolewa," nilisema.

Kila kifuniko hutobolewa tundu la kwanza la bomba katikati, na gogo la chuma linalotoka humo tunaliita kitovu. Kwa desturi yetu kitovu hakipimwi wala hakitupwi. Hung'arishwa na kupewa msimamizi aliyeifua kazi, aende nacho nyumbani akajivunie. Cha mwaka jana kinauzuia mlango wa mama usijipige. Watu wazima na akili zao, wameushika ushahidi mkononi wanaupiga msasa!

Cha safari hii kilikuwa juu ya meza ya kaka, kimeviringishwa kwenye kitambaa.

"Hiyo ni heshima yangu," alisema, akakikumbatia.

"Basi tuipige nyundo heshima yako, tuone."

Nikavuta, akavuta. Wenzake wakatazama pembeni kwa aibu. Mwishowe akaachia.

Nikachonga vijiti kutoka kwenye kitovu, nikavitia mkato mdogo, nikavipoza. Nyundo yetu ya kupimia hubembea kutoka juu. Chuma kizuri huikatalia, hujikunja, hupasuka kwa shida. Kijiti cha kwanza kilisema ta! na nyundo ikapita kana kwamba hapakuwa na kitu. Mpasuko ulimetameta kama chumvi. Cha pili, vivyo hivyo.

Nilichukua rangi nyekundu nikachora msalaba juu ya kifuniko. "Bonge limiminwe upya, kichwa kikatwe chote. Na kuanzia leo vitovu vyote vinakuja kwangu kwanza." Meneja alipayuka mpaka sauti ikamkauka, lakini chenye msalaba wangu hakipakiwi, na malori yaliondoka matupu. Kaka naye aliondoka bila kuaga. Nikasema moyoni, na anune, uso ni wake.

Asubuhi aliingia chumba cha vipimo amekumbatia kitu kizito ndani ya taulo la mama.

"Mama anauliza mlango ataushikiza na nini," alisema, na utani ukamfia mdomoni. Akafunua taulo. Kitovu cha mwaka jana.

"Hata hiki mlipunja mkato?" niliuliza.

"Chuma kilipungua kidogo tu, mdogo wangu. Kidogo tu. Na vipimo vilipita."

Kifuniko cha mwaka jana hakipo uani tukipake rangi. Kimeshafungwa boliti juu ya kinu, na kinu kinafanya kazi.

Nilitaka kumpiga kofi, Mungu ananijua. Badala yake nikachonga kijiti, nikakiweka, nikamsimamisha kaka kwenye mpini wa nyundo.

"Achia mwenyewe."

Alifumba macho, akaachia.

Ta!

Nikamsogezea simu. "Waambie watu wa kinu wakizime. Sasa hivi."

Alibonyeza namba, akakosea, akaanza upya. Nikamshikia simu sikioni, huku nimemkasirikia vilevile, mpaka upande wa pili ukaitika.