Mkono Uliozungusha Waya

Maurice Tranter alipoteza jicho lake la kushoto Jumapili moja ya mwezi Machi, saa nane mchana, ndani ya ukumbi wa kanisa pale Tipton, mbele ya watu ishirini na mmoja na meza ya keki. Nilikuwepo. Mimi ndiye katibu wa klabu yetu ya vifaru vya rimoti, vile vya vita vilivyoundwa vidogo, na funguo za ukumbi zilikuwa mfukoni mwangu.

Vifaru vyetu havichezewi na watoto. Kimoja kina uzito wa paka aliyenenepa, na mtu hukaa nacho majira mawili ya baridi akibandika misumari midogo ya ribiti mmoja mmoja. Lakini kisipotoa moshi, hata kikiundwa vizuri namna gani, ni sanamu inayotembea. Maurice alifanya kazi miaka thelathini katika kiwanda cha minyororo, na alipostaafu alijipa jukumu la kututengenezea moshi. Mtambo wenyewe ukiusikia ni mwepesi: kisanduku kidogo cha shaba, utambi wa pamba ya kioo uliolowa mafuta, waya mwembamba uliozungushiwa utambi huo, na feni ya ukubwa wa sarafu. Betri inaupasha waya moto, mafuta yanafuka, feni inausukuma moshi nje kwenye ekzosi. Taabu iko kwenye kuutengeneza. Waya ukibana unaungua mahali pamoja na kukatika. Ukilegea, moshi hautoki. Na mafuta yakiisha wakati betri bado inasukuma, utambi unaungua mkavu mpaka plastiki ishike moto.

Kelvin Foley, dereva wa lori mwenye mabega kama kabati, alishamwambia Maurice mara mbili aweke swichi ya kukata umeme kisanduku kikizidi joto. Maurice alimuuliza madereva wa lori wamekuwa mafundi tangu lini.

Jumapili hiyo kifaru cha Maurice kilisimama nyuma ya kifaru cha Kelvin, mafuta yakaisha, na ulimi wa moto wa urefu wa kidole ukatoka kwenye ekzosi. Nilipofika na taulo la maji, nusu ya nyuma ya kifaru cha Kelvin ilikuwa imelala chini kama mshumaa uliosahauliwa.

"Nilikwambia," Kelvin alisema. "Nilikwambia mara mbili, mzee."

"Vita ni vita, bwana," Maurice akamjibu huku anacheka. "Kifaru chako kimepigwa. Kakizike."

Kelvin akainua buti na kukikanyaga kifaru cha Maurice, mara mbili, mpaka minyororo ya magurudumu ikaruka. Maurice hakungoja. Alimpiga kichwa cha uso, pua ikavunjika tukaisikia wote, damu ikarukia keki. Kelvin alikuwa bado ameshika rimoti yake ya zamani, ile yenye antena ndefu ya chuma. Akaizungusha kwa nguvu zake zote. Mpaka leo naamini alitaka kumpiga na kile kisanduku cha rimoti. Lakini Maurice aligeuza kichwa, na ilikuwa antena iliyofika kwanza.

Beryl, mke wa Maurice, alikuwa anakata keki. Aliweka kisu chini, akaja, akakishika kichwa cha mumewe mapajani mwake na kufunika jicho kwa kiganja. Aliniagiza nikafungue milango yote miwili ili watu wa gari la wagonjwa wapite na machela. Kisha akamtazama Kelvin muda mrefu.

Kelvin alifungwa, akatumikia miezi saba.

Miezi hiyo haikuwa myepesi nyumbani kwa Tranter. Kila asubuhi Beryl alilitoa jicho la bandia, akaosha shimo kwa maji ya chumvi, akapaka dawa, akalirudisha. Maurice alikuwa haoni tena umbali wa vitu. Akimimina chai inamwagika kando ya kikombe. Akitaka kuupitisha waya kwenye tundu la kisanduku, ncha inapita pembeni, inapita tena pembeni, mpaka anakichukua kisanduku na kukiponda kwa nyundo. Siku moja alirusha birika la chai. Ukuta haukulipata lote. Wiki ile Beryl aliwaambia majirani kwamba ameteleza bafuni. Mimi niliuona ule weusi begani mwake, na nikajifanya nimeamini bafu.

Oktoba, Kelvin alikuja kwenye kibanda cha nyuma ya nyumba yao, ambako mimi na Maurice tulikuwa tunakaa Jumamosi. Alisimama mlangoni, pua imepinda, akasema amekuja kuomba radhi, na kwamba lile jicho analiona kila akifumba yake. Niliivuta tupa kubwa karibu na mkono wangu, maana sikujua yatakayofuata. Maurice aliinuka taratibu, akamwendea, akampiga ngumi moja ya tumbo. Ilikuwa ngumi ya mtu aliyevuta minyororo maisha yake yote. Kelvin alipiga magoti na kutapika kizingitini.

"Ukimaliza kutapika," Maurice akamwambia, "njoo unishikie huu waya."

Basi ikawa hivyo. Kila Jumamosi Kelvin alikuja, akaomba radhi tena, hata mimi aliniomba, kisha akakaa mezani na kuzungusha waya huku Maurice akimwelekeza. Yale mabega yalikuwa na vidole vyepesi kuliko tulivyodhani. Walitukanana sana. Mtambo wa kwanza uliungua, wa pili ukatema mafuta hadi dirishani, wa tatu ulifanya kazi dakika kumi ukafa. Baadaye wakagundua kwamba waya unatakiwa uzungushwe mara kumi na moja kwenye msumari mwembamba, uvutwe kidogo ili mizunguko isigusane, ndipo utambi upitishwe katikati. Swichi ya joto ikawekwa pia. Maurice hakusema ilikuwa wazo la nani.

Beryl alikuwa akileta chai. Alileta vikombe viwili, changu na cha mumewe. Kelvin akimwona alitazama viatu vyake mpaka atoke. Nilidhani ni haya. Sikufikiria zaidi ya hapo.

Februari mtambo ulikubali. Tuliuwasha, ukafuka asubuhi nzima, moshi mzito mweupe ukipanda na kushuka kila Maurice akiongeza na kupunguza mwendo kwenye rimoti. Mafuta yalipoisha ulijizima wenyewe, bila moto, bila harufu. Tukautia mafuta, ukaanza upya. Maurice alifurahi kuliko nilivyomwona tangu hospitalini. Alimwita mkewe aje atazame.

Beryl aliingia akiwa na aproni. Moshi ulikuwa umetufika kifuani.

"Beryl, tazama," Maurice akasema, mkono begani mwa Kelvin. "Huyu ndiye mikono yangu siku hizi."

Kelvin alicheka kidogo. Mkono wake wa kulia ulikuwa umepumzika juu ya jiliwa, kile kibano kizito cha mezani, vidole vimetandazwa kwenye chuma. Beryl alichukua nyundo iliyokuwa mezani na kuipiga juu ya vile vidole. Pigo la kwanza nilidhani kuna kitu kimeanguka. La pili niliona mfupa. Maurice alimkamata kiuno kwa nyuma, naye akamrudishia kiwiko cha mdomo, jino likatoka, kisha akapiga la tatu. Kelvin alianguka chini ya meza akilia kama ng'ombe.

"Wewe umemsamehe," Beryl alimwambia mumewe. Hakupaza sauti. "Mimi hakuniomba."

Akainama ili Kelvin amwone kupitia ule moshi.

"Jumamosi kumi na saba umekuja nyumbani kwangu. Umemwomba radhi yeye, umemwomba mpaka huyu katibu. Unajua nani anaosha lile shimo kila asubuhi? Unajua birika lilimpata nani?"

Maurice alikuwa ameketi juu ya ndoo, damu ikimtoka mdomoni, akilitazama bega la mkewe. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kulitazama.

Kelvin, mkono ameukumbatia tumboni, alituomba tuseme hospitalini kwamba umebanwa na jiliwa. Mimi nilikuwa tayari kusema hivyo. Beryl hakuwa tayari. Alirudisha nyundo mahali pake, akaingia ndani, akanawa mikono, akawapigia polisi mwenyewe. Nilimsikia akiwatajia jina lake herufi kwa herufi.

Hakimu alisikiliza yote, hata habari ya birika, ambayo Maurice aliitoa mwenyewe akiwa amesimama, bila kuulizwa. Beryl hakwenda jela. Alipewa kifungo cha nje na kazi ya kusafisha makaburi kila Jumanne. Vidole viwili vya Kelvin vilipona. Cha tatu kimebaki kimekunjwa, na waya hazungushi tena.

Ukumbini mwa mahakama, Kelvin alimfuata Beryl. "Bi Beryl," alisema, "wewe ndiye niliyepaswa kukuomba kwanza. Nisamehe."

Beryl alifunga vifungo vya koti lake hadi cha mwisho. "Nimesikia," akasema, akatoka nje.

Zaidi ya hapo hajamwambia kitu, na sasa ni miaka mitatu. Mitambo ya moshi tunaitengeneza kwa mpango uleule, na klabu za Walsall na Dudley zimeuiga. Waya nazungusha mimi, vibaya, lakini unawaka. Kelvin huja kwenye maonyesho tu, na husimama upande wa pili wa ukumbi.

Maurice sasa anajiosha jicho mwenyewe. Mwanzoni alikuwa anajichoma mfupa kwa kijiti cha pamba, akitukana mpaka nyumba ya pili wanasikia. Beryl yuko jikoni wakati huo na chai yake, na hainuki.