Mistari Minne ya Shangazi

Taa ya haidrojeni katika maabara yetu ilikuwa imechoka. Ni kichupa cha kioo, chembamba kama kalamu, chenye gesi kidogo ndani. Ukikipitishia umeme kinang'aa rangi ya waridi. Mkuu wa maabara alikwishatuonya tusiiwashe mpaka Jumatatu, maana mistari yake ya mwanga ndiyo tunayosawazishia spektrometa, chombo cha kutenganisha rangi za mwanga, kabla ya kupima kitu kingine chochote, na taa mpya ilikuwa bado haijafika.

Jumamosi nikamleta shangazi yangu.

Shangazi ni fundi cherehani. Presha ya macho imemla kutoka pembeni, mpaka amebakiwa na tundu dogo la kuonea katikati. Daktari kasema hata hilo halitakaa sana. Lakini spektrometa haihitaji zaidi ya tundu.

Nikavuta mapazia, nikawasha taa, nikamkalisha kwenye kigoda kirefu.

"Mbona giza? Unanizika mapema?"

"Tulia, Shangazi. Weka jicho hapa, usitikisike."

"Jicho lenyewe limebaki la kuazima, na bado unaliwekea masharti."

Akaegemeza jicho kwenye tundu la chombo. Shangazi yangu huzungumza hata na sindano; safari hii alihesabu kwanza.

"Ziko nne," akasema baadaye, taratibu. "Nyekundu. Ya pili kijani iliyoingia bluu. Halafu zambarau mbili, ya mwisho ni uzi wa kuhisi tu. Katikati giza tupu. Nyekundu hii hakuna duka linaloiuza. Wateja wangu wangeraruana."

"Ndani ya kila chembe ya hiyo gesi kuna elektroni," nikamwambia. "Ina mahali pake pa kukaa. Ikishuka kutoka mahali pamoja kwenda pengine, inatoa rangi ya mshuko huo, ile ile kila mara, haikosei."

"Na katikati haikai?"

"Haikai kabisa."

"Kama matundu ya mkanda. Ama hili, ama lile." Akakaza jicho. "Tena yanazidi kukaribiana."

"Ndivyo."

"Na haidrojeni ya nchi nyingine?"

"Mistari hiyo hiyo. Hata ya kwenye nyota."

Mkono wake ukanitafuta gizani, ukanishika kifundo cha mkono, ukabaki hapo. Nimesoma somo hili miaka mitatu, nikalifanyia mtihani, nikafaulu. Sikuwahi kulitetemekea mpaka siku ile.

Taa ikaanza kuwaka na kuzimika. Nilijua maana yake, kwamba nisipoizima itakufa, na kidole changu kilikuwa tayari kwenye swichi.

"Usizime, mwanangu," akasema. "Niache kidogo."

Nikaondoa kidole. Zambarau zikatangulia kwenda, kisha kijani, akanihesabia. Nyekundu ikabaki peke yake, kisha nayo ikatoweka.

Jumatatu mkuu wa maabara alisimama mbele yangu, kichupa kilichokufa mkononi.

"Kazi ya watu wote imesimama kwa sababu yako. Utaomba radhi hapa, mbele ya wenzako."

"Sema samahani yaishe, dada," jirani yangu wa meza akaninong'oneza.

Mkuu alikuwa na haki ya kukasirika, na nilimwambia hivyo.

"Zamu za ziada nitafanya, na taa nyingine nitaisaka mpaka ipatikane," nikasema. "Radhi siombi, Bosi. Si leo, wala kesho."