Kamera ya Kutuliza Mikono

Mama na binti yake walikuta dukani zimebaki kamera mbili za wanaoanza kujifunza. "Hii inafokasi upesi, sura inatoka wazi hata mtu akitembea," muuzaji alisema. "Ile inatuliza mtikisiko wa mikono, ila kufokasi inasuasua."

"Mama, chukua hiyo ya upesi," binti alimshauri. "Mimi sikai kama sanamu."

"Na mikono yangu hii inayotetemeka? Nipe ya kutuliza."

Wiki iliyofuata binti alisafiri ng'ambo kwa mkataba wa kazi wa miaka minne. Mama alitaka picha moja tu, ya mwanawe akiaga nyuma ya mlango wa kioo wa abiria kwenye uwanja wa ndege. Binti aligeuka, akacheka, akapunga. Mama akabonyeza. Lenzi ikanguruma, ikaenda mbele, ikarudi nyuma, kama mtu anayetafuta miwani aliyoivaa. Picha ilipopigwa, binti alishageuka kwenda zake.

Nyumbani, mama alihesabu pichani alama za vidole kwenye kioo cha mlango, zote wazi kabisa. Nyuma yake palikuwa na ukungu wenye rangi ya blauzi ya binti.

Jirani akitaka kununua kamera, mama humwonyesha picha hiyo. "Mikono ilitulia kweli, mwenzangu. Mtoto ndiye hakutulia."