Daftari la Chumvi

Kila mwanafunzi wa shule ile ya bweni alikuwa na daftari lake dogo la matibabu, nayo yote yalikaa katika kabati la muuguzi yakiwa mapya kama siku yaliponunuliwa. La Chumvi ndilo pekee lililokwisha kurasa likaongezewa nyingine kwa gundi.

Chumvi alikuwa msichana wa miaka kumi na sita, mwembamba kama kijiti cha ufagio, mwenye kipaji cha kuugua kila siku ya mtihani wa hisabati. Jina lake halisi lilijulikana na cheti cha kuzaliwa. Wengine wote walimwita Chumvi, kwa sababu hakuna habari aliyoweza kuisimulia bila kuitia chumvi. Paka akipita bwenini, yeye alikuwa ameona chui, tena mwenye mimba.

Muuguzi wa shule, mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimvumilia muhula mzima. Uvumilivu uliisha siku Chumvi alipochovya kipimajoto katika kikombe cha chai.

"Mwanangu," muuguzi alisema akikiinua dirishani, "zebaki imegonga ukuta. Nikuitie daktari au mchimba kaburi?"

"Yeyote aliye karibu, Sista."

Tangu siku hiyo muuguzi alianzisha utaratibu. Katika safu ya dalili aliandika alichoambiwa. Katika safu ya maoni aliandika neno moja: chumvi. Shuleni kila mtu alijua maana yake: huyu anatia chumvi, apewe maji ya kunywa, arudi darasani.

Tatizo ni kwamba si safari zote zilikuwa za uongo. Chumvi alikohoa. Alikuwa akikohoa tangu utotoni, kohozi zito la kunata kama gundi, ambalo liliwahi kutibiwa kama pumu, kama kifua kikuu, na mara moja kama utovu wa nidhamu. Alikula sahani mbili akabaki mifupa. Tumbo lilimsumbua. Jasho likimkauka, uso ulibaki na unga mweupe, na kola ya shati ikakakamaa. Rafiki yake wa kitanda cha juu, aliyeitwa Wakili kwa kuwa angeweza kubishana na ukuta hadi ukaomba radhi, alisema shati lile likiachwa kidogo litakwenda gwarideni lenyewe.

"Nenda kwa muuguzi," Wakili alimwambia.

"Nimetoka huko. Nimepewa maji."

"Umemwambiaje?"

"Kwamba kifua kinaniuma kama kimelaliwa na tembo."

"Sasa tembo wa nini? Mtu akiumwa kifua anasema kifua."

"Bila tembo hanisikilizi."

"Na tembo akiwepo hakuamini. Chagua."

Chumvi akajaribu bila tembo. Siku iliyofuata alisimama mbele ya meza ya muuguzi, mikono nyuma, akasema, "Nakohoa, Sista. Nimechoka." Hakuongeza kitu.

Muuguzi alimtazama juu ya miwani. "Leo umebadilisha mbinu," alisema. Akaandika: kikohozi, uchovu. Kando yake: chumvi.

Hapo ndipo Chumvi alipoogopa. Alikuwa ametumia uongo wake wote, na sasa ukweli nao ulikuwa umekataliwa.

Siku ya mashindano ya riadha, kwenye mzunguko wa pili, alianguka. Mabweni yote yalisimama kumpigia makofi. Aliyasikia kwa mbali, akataka kuinuka ainamishe kichwa kwa shukrani kama ilivyokuwa desturi yake, lakini miguu ilikataa. Wakili alifika wa kwanza, akammwagia maji usoni, akasubiri kope zicheze. Hazikucheza.

"Huyu hatanii," Wakili alisema kwa sauti ndogo. Na kwa kuwa hakuna aliyewahi kumsikia Wakili akitumia sauti ndogo, makofi yalikoma.

Muuguzi alikuwa na wengine wawili waliozimia kwa jua, hivyo hakuweza kusindikiza wala kuandika barua. Alimtupia dereva wa shule lile daftari, gari likaondoka.

Hospitalini alipokelewa na daktari kijana, mpya kazini, ambaye bado alisoma kila alichopewa. Alimtundikia dripu, kisha akavuta kiti na kulifungua daftari. Kikohozi: chumvi. Amepungua uzito: chumvi. Choo chenye mafuta: chumvi. Akafika mwisho, akarudi mwanzo, akaanza kuhesabu kwa kalamu.

"Muuguzi wenu ni nani?" aliuliza.

"Kwani amefanya nini?" Chumvi alijibu kitandani.

"Ameandika mara ishirini na tatu kwamba una chumvi. Jasho la chumvi kupita kiasi ni dalili niliyofundishwa darasani. Sijawahi kukutana na mtu aliyeiona kwa macho yake, sembuse mara ishirini na tatu."

Chumvi alifungua mdomo ili aeleze, akaufunga. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kusema, aliona faida ya kunyamaza.

"Ni mama mwangalifu sana," alisema.

Kipimo chenyewe hakikuwa na maajabu. Walimpaka mkononi dawa ya kutoa jasho, wakapitisha umeme mdogo uliomtekenya, wakakusanya matone kwa nusu saa. Majibu yalipita kiwango cha kawaida kwa mbali. Ugonjwa uliitwa sistik faibrosis, wa kurithi, unaofanya kohozi linate na jasho lijae chumvi.

Mama yake alifika kesho yake. Baba alikuwa safarini, na kama kawaida aliwakilishwa na dada yake.

"Kwetu hakuna mtu mwenye kifua," shangazi alisema kabla hajaketi.

"Ina maana kwetu ndiko wapo, wifi?" mama aliuliza.

Mechi hiyo ilikuwa na miaka kumi na sita bila mshindi. Daktari alinyanyua mkono kama refa.

"Wote mnasema kweli. Jeni huja mbilimbili. Mama ana moja nzima na moja yenye kasoro. Baba vivyo hivyo. Ile nzima inatosha, ndiyo maana hawaugui wala hawajui. Mtoto huchukua moja kwa kila mzazi. Kwa kila mimba, nafasi ni moja kati ya nne kwamba atachukua zote mbili mbovu."

"Kwa hiyo ugonjwa ni wa upande gani?" shangazi aliuliza.

"Nusu kwa nusu, Mama."

Shangazi alilitafakari. Ulikuwa mchango pekee katika historia ya koo zile mbili ambao kila upande ulitoa sawasawa, na hakuna aliyetaka kushukuriwa. Akasogeza kiti karibu na mama.

"Nitakufa?" Chumvi aliuliza.

Daktari hakutazama pembeni. "Zamani wengi hawakufika umri wako. Siku hizi, kwa matibabu, wengi wanafika utu uzima, wanafanya kazi, wanazeeka. Mapafu yako yameshaharibika sehemu, na hiyo hairudi. Iliyobaki tunaweza kuilinda, ukifuata matibabu kila siku. Kuna vidonge vipya vinavyorekebisha kasoro yenyewe, lakini havifai kila aina. Damu yako imekwenda maabara kutazamwa ni aina gani. Hata jibu likiwa zuri, kuvipata ni safari nyingine. Siahidi."

Chumvi, ambaye alikuwa mtaalamu wa mambo haya, alisikiliza akitafuta chumvi katika maneno yale. Hakuiona. Kwa hiyo akamwamini.

Alirudi shuleni baada ya wiki tatu na mfuko wa dawa: vidonge vya vimeng'enya vya kusaga chakula, vya kumeza kila anapokula, kwa kuwa kongosho lake halikufikisha vyake tumboni, dawa za kuua bakteria, na mashine ya kuvuta mvuke wa maji ya chumvi, ili kohozi lilegee. Aliamriwa pia kuongeza chumvi kwenye chakula. Wakili alisema ni mara ya kwanza kuona mtu akiandikiwa jina lake na daktari.

Muuguzi alimwita zahanati, akafunga mlango. Mezani kulikuwa na daftari, na juu yake barua ya pongezi kutoka hospitali, ambayo mwalimu mkuu alikwisha kuisoma mbele ya shule nzima.

"Unajua nilichomaanisha," muuguzi alisema.

"Najua, Sista."

"Ungewaambia."

"Ningewaambia, daktari angefunga daftari."

Muuguzi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Nimekupa maji mara ishirini na tatu."

"Yalisaidia kidogo."

"Geuka."

Chumvi aligeuka, akainama kwenye kitanda. Muuguzi alikunja kiganja kama kikombe, kama maelekezo ya hospitali yalivyosema, akaanza kumgonga mgongoni, juu kushuka chini, kwanza kwa woga, kisha kwa mkono wa mtu aliyelea watoto. Chumvi alikohoa hadi machozi yakamtoka, akatema kwenye bakuli.

"Kifua kinauma?"

Chumvi alimfikiria tembo.

"Kidogo," alisema.

Muuguzi alinawa mikono, akafungua daftari kwenye ukurasa mpya. Katika safu ya dalili aliandika: maumivu kidogo. Kalamu ikasogea hadi kwenye safu ya maoni, ikasimama. Akaiacha wazi, akafunga daftari, akamwambia arudi keshokutwa jibu la maabara kuhusu vile vidonge vipya likija au lisije, na kesho pia.